Safu Mbili za Daftari

Shee yumo chumba cha kufulia, ghorofa ya pili kutoka chini,
kwenye meli ndefu kuliko mtaa wetu wote.
Majira ya baridi meli yaenda Bahama,
majira ya joto yapanda kaskazini, pwani ya Watsimshiani.
Shuka ni zile zile, asema,
na jasho la wageni halina pasipoti.

Hunitumia sauti usiku, mashine zikinguruma nyuma yake.
Mimi nimo kibandani, hapa Mtongwe, natoa na kupokea pesa za watu.
Daftari la wakala lina safu mbili:
ZILIZOINGIA. ZILIZOTOKA.
Siku moja mtandao ulikatika tangu asubuhi,
nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu:
KWENYE JUA. KWENYE MVUA.

Kwenye jua yuko Eloise, mwuza vikapu.
Ukili wake huja kwa kontena, umeshatiwa rangi.
Dola yao na dola ya mgeni ni sawa kwa sawa;
nikasema, basi hao wamefika!
Shee akacheka hadi akakohoa.
Akasema: hata kitunguu cha mchuzi wao kimepanda meli.
Akasema: kuna kisiwa kizima cha kampuni,
Eloise huingia kwa beji, hutoka kabla ya taa kuwashwa.
Kimbunga kilimchukulia paa.
Bima ikamwambia subiri.
Yuwasubiri.

Kwenye mvua yuko Arlene, mpasua samaki,
ila kiwanda kimefungwa, mashine ya makopo imeuzwa.
Kontena za ulimwengu zapita mbele ya dirisha lake
hazishuki hata kumjulia hali.
Maziwa kijijini ni ghali kuliko mjini, kwa sababu ya feri.
Nikasimamisha sauti. Feri?
Feri, dada. Nao husimama foleni, na mvua yawanyeshea.

Bibi yake alichapwa shuleni kwa kusema lugha ya mamake.
Sasa Arlene ajifunza maneno hayo kwenye simu,
jioni, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Kisha Shee akanieleza karamu yao:
mwenye jina kubwa huita watu, hugawa,
blanketi, samaki, fedha, hugawa mpaka ghala lilie,
na heshima yake ni kile kilichotoka.
Serikali iliipiga marufuku zaidi ya miaka sitini.
Watu walifungwa kwa kosa la kugawa.

Hapo kalamu ikanigomea.
Kutoa ni moyo, twasema sisi, usambe ni utajiri,
lakini ni askari gani aliyewahi kumkamata mtu kwa moyo?

Kwenye pambizo palibaki upenyo mwembamba.
Nikatutia sisi humo, kwa herufi ndogo:
kiwanja chetu kina mwenye hati tusiyemjua sura;
njia ya pwani imewekwa geti na mbwa;
shemeji Kibwana alikuwa utingo wa lori,
siku hizi kontena zapanda reli, yeye azihesabu akiwa barazani,
si kwa malipo, kwa mazoea tu.

Mtandao ukarudi saa kumi.
Bi Nyevu akaja kutoa mia tatu za chama.
Shee ametuma elfu sita.
Kabla ya magharibi mama alikuwa amezimaliza:
elfu mbili sanda ya jirani,
elfu moja karo ya mtoto asiye wetu,
mchango wa arusi, madeni ya unga, na mia za huyu na yule.
Kilichosalia kilinunua mafuta ya taa.

ZILIZOINGIA, elfu sita. ZILIZOTOKA, elfu sita.
Nikaitazama ile sifuri muda mrefu,
sikujua ni ufukara au ni karamu.

Shee, ukifika tena huko kwenye mvua,
muulize Arlene wao huiandikaje.
Na muulize, siku ya pili yake, mwenye karamu
hula nini.